Ndoo Mbili za Kisima cha Shehoza

Samaki wa kwanza nilimuua kwa ukarimu.
Nilimnunulia maji ya dumu, yale matamu,
tunayochemshia chai ya wageni,
nikayamimina kwenye tangi la kioo
nikakaa mbele yake kama anayesubiri kusifiwa.
Siku ya tatu ngozi yake ilipauka.
Siku ya tano alilala ubavu, jicho moja likitazama dari.

Alikuwa bunju, mdogo kama limau.
Mhina wangu alimtoa kwenye mikoko,
pale Mkulumuzi unapoachana na jina lake,
akamleta Mikanjuni ndani ya kopo la rangi.
Bi Mwanakame aliuliza mlangoni:
"Samaki mwenye sumu, asiyeingia chunguni,
wewe unamlisha wa nini?"
Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Wa pili nilimletea bahari yenyewe,
madumu mawili juu ya baiskeli kutoka Sahare.
Hakufa. Ila alikwenda kona hadi kona
kama mgeni anayetafuta choo
na kuona haya kuuliza.
Mhina akamrudisha kwao.

Ndipo Mwalimu Bahero wa fizikia akaja na kipimo cha maabara,
kijiti cha kioo kinachosimama wima majini.
Akasema, "Hawa si wa huku wala wa kule.
Ni watoto wa mlango wa mto. Wape maji ya mlangoni."
Mlangoni? Nikacheka.
Kisha nikanyamaza, nikageuka kutazama uani,
penye bati lililokandamizwa kwa mawe matatu.

Kile kisima.

Mume wangu Shehoza alikichimba mwaka wa kiangazi,
pima sita, kwa mikono yake na mtaimbo wa kukodi.
Maji yalipochomoza tulichinja kuku.
Akanywa wa kwanza mbele ya watu, kata imejaa,
akameza, asiteme, hilo nalikumbuka,
akasema, "Yana munyu kidogo."
Kidogo!
Sabuni haikutoa povu, maharage yaligoma kuiva,
vijana wa kijiweni wakakiita Kisima cha Kachumbari.
Akakifunika. Miaka kumi na moja
hatukukitaja, kama deni la marehemu.

Nilifunua bati yeye yuko kiwandani.
Mwalimu akatumbukiza kijiti chake, akainama,
akafuta miwani, akainama tena.
"Umechanganya nini?"
Sikuchanganya kitu.

Sasa bunju yumo, wa tatu huyu, amenenepa,
madoa kama kitenge kilichorukiwa na wino,
macho yanazunguka, kila moja na shughuli yake.
Humpa konokono wenye magamba magumu,
bila hivyo meno yatauzidi mdomo.
Usiku namsikia: kach.
Luku ikiisha, pampu ikinyamaza,
naamka gizani nakoroga maji
kwa mwiko uliokuwa wa ugali.
Na hili nimejifunza: jua likipunguza maji
usiongeze ya kisima.
Maji huondoka, chumvi hubaki.
Ongeza matamu, kidogo kidogo.
(Limenifaa hata nje ya tangi.)

Shehoza aliona siku ile ile, hakusema neno.
Alivua viatu, akala, akalala.
Jumapili ya pili nikamkuta kachuchumaa mbele ya kioo,
bunju amesogea mpaka usoni pake,
wanatazamana,
wote wawili wamevimba mashavu.

Jana alfajiri nilisikia kamba ikisugua ukingo wa kisima.
Akaingia na ndoo mbili, magoti yamelowa,
akazitua polepole, kama mtu anayelaza mtoto.
"Yaache yatulie kwanza," akasema.
"Haya ya kwangu huwa na mchanga."